Mtoto wa Anyisile Aitwe Nani?

Sogeeni karibu na moto, maana hadithi hii ina baridi. Nikimaliza kusimulia, kazi itakuwa yenu.

Kule nyanda za juu za Makete, ambako kipupwe hugandisha umande ukawa barafu, waliishi ndugu wanne wa tumbo moja. Mkubwa wao, Ambakisye, alichunga kondoo, na aliijua baridi na ukungu kama wewe unavyoujua uso wa mama yako. Wa pili, Lwitiko, alifuma nguo za sufu. Wanaume wenzake walimcheka, lakini kipupwe kilipoingia walipanga foleni mlangoni kwake. Kitinda mimba, Sekela, alijaliwa mbio. Aliyebaki ni dada yao Anyisile, aliyekuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza.

Alfajiri moja uchungu ulimshika Anyisile. Mama yao alimpapasa tumbo, kisha akatoka nje.

"Mtoto amekaa vibaya," aliwaambia watoto wake. "Mimi peke yangu sitaweza. Anahitaji muuguzi."

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mlima. Simu hazikushika mtandao, na pikipiki ya jirani ilikataa kuwaka kwa baridi. Ilibaki miguu tu.

Sekela alikuwa ameshafika mlangoni. Ambakisye akamzuia.

"Kaka, nipishe. Humsikii dada anavyolia?"

"Namsikia. Lakini njia inapita kando ya kinamasi, na kwenye ukungu huu hutaiona. Barafu ya pale ni nyembamba, chini yake ni tope lisilo na mwisho. Tukikupoteza wewe, nani atamwitia Anyisile msaada?"

Akasimama akiwatazama kondoo wake, waliokuwa wamesongamana zizini, maana kondoo huhisi ukungu ukitaka kuondoka kabla ya mtu. Sekela alilia kwa hasira. Hata mama alimwomba Ambakisye amwachie aende, naye akakataa. Ilimuuma, kwani kila kilio cha Anyisile kilimchoma. Kondoo walipoanza kuachana, upepo wa bondeni nao ulianza kuvuma. Ukungu ukapasuka, njia ikaonekana.

"Sasa," alisema. "Nenda kabla haujajifunga tena."

Muda huo wote Lwitiko hakukaa bure. Sekela hakuwa na nguo ya kukimbilia kwenye baridi ile ila kitenge na sweta kuukuu. Lwitiko alitoa shali aliyomfumia mtoto, kazi ya kipupwe kizima, akaikata vipande bila kusita. Kimoja alimfunga kifuani, viwili akamvingirishia miguuni, kingine akamfunika pua na mdomo.

"Pumua humo humo," alimwagiza. "Na hata ukisikia joto, usivue."

Sekela akakimbia. Nyasi zilivunjika chini ya miguu yake kama vigae. Kinamasi alikipita akikiona vizuri. Kwenye kijito aliteleza, maji yakamfika magotini, lakini sufu hata ikilowa huhifadhi joto, akaendelea. Mlimani kifua kiliwaka moto. Alitamani kukaa kidogo tu, akajikataza, maana alijua akikaa hatanyanyuka. Alipofika zahanati midomo ilikuwa imekufa ganzi.

"Dada yangu," alimwambia muuguzi. "Mtoto amekaa vibaya."

Gari la zahanati likazunguka kwa barabara ndefu, likafika kabla ya jua la utosi. Mtoto alitangulia miguu. Muuguzi alisema kama wangechelewa kidogo tu, angewakosa mama na mtoto. Alizaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kusumbua majirani.

Jioni Anyisile alisema, "Mwanangu ataitwa kwa jina la aliyemleta."

"Basi jina ni langu," alisema Sekela, akiipasha miguu motoni. "Nani alikimbia?"

"Ulikimbia kwa miguu niliyoifunga mimi," alisema Lwitiko. "Bila sufu ungeganda kijitoni."

Ambakisye akacheka. "Na kama nisingekuzuia, sufu na miguu vyote vingekuwa ndani ya tope."

Mama naye hakutaka kuamua, alisema wote watatu amewazaa yeye. Tangu hapo, Sekela akimbeba mtoto humwita Sekela, Lwitiko humwita Lwitiko, na Ambakisye humwita Ambakisye. Mtoto huwachekea wote. Lakini kesho ndugu wa baba yake wanakuja kumpa jina atakalolitaja Anyisile, na jina ni moja tu.

Haya, mliokaa hapa motoni: Anyisile awaambie mtoto aitwe nani? Wewe ungeamua vipi?