Kata Iliyofichika Makutini

Jumapili ya tarehe saba Februari, mwaka 1892, saa tatu asubuhi, mambo yalibadilika katika kanisa letu la makuti, kule vilimani nyuma ya Mombasa. Ilisimuliwa na waliokuwapo, nami nilisimuliwa na marehemu mama yangu, kwamba Mama Damari Mbeyu, mjane mcha Mungu, aliingia ameficha kata, kifuu chenye mpini cha kuchotea maji, chini ya leso yake.

Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa kijiji chetu kukabidhiwa darasa la Wamethodisti. Kila juma aliwauliza kina mama kumi na wawili, mmoja mmoja, "Roho yako haijambo?" Mwenye kosa alilikiri. Asiyekiri hakupewa cheti cha darasa, na asiye na cheti hakuketi kwenye karamu ya upendo, ambapo waumini waligawana muhogo wa kuchemsha na maji ya kata moja. Wazee wengine hawakuridhika. "Mwanamke kuchunga roho za watu! Akikosea mara moja, darasa tunalivunja."

Kata ile ya kanisa ikapotea. Mbeyu alimshuku jirani yake Nyevu, aliyeiosha mara ya mwisho. Nyevu alikana, naye Mbeyu akamnyima cheti kwa miezi sita. Nyevu hakugombana. Kila karamu aliketi nje, mgongo ukutani, akiimba pamoja na waliomo ndani.

Basi Jumamosi, Mbeyu akipangua makuti ya nyumba yake yaliyovuja, kata ikamwangukia miguuni. Akakumbuka: aliichukua kanisani ili aitunze, akaichomeka pale mwenyewe, siku ya mvua, akasahau. Hakuna aliyemwona. Na moto wa kuiteketeza ulikuwa unawaka jikoni.

Jumapili, siku ya karamu, alisimama mbele ya watu, akaitoa kata.

"Nilimwita Nyevu mwongo, naye ni mkweli. Mwenye kosa ni mimi."

Akaweka cheti chake mezani, akatoka, akaketi pale pale alipozoea kuketi Nyevu.

"Si tulisema?" mzee mmoja akanong'ona.

Mchungaji akamwita Nyevu ndani, akampa cheti. "Mwanangu, una neno?"

"Ninalo, baba. Miezi sita nimekula muhogo wa kwangu. Nataka kujua kama wenu umezidi utamu."

Watu wakacheka, wengine wakifuta machozi. Nyevu akachukua muhogo wake, akateka maji kwa kata ile ile, akatoka nje. Akammegea Mbeyu nusu.

"Sistahili," Mbeyu akasema.

"Kula, mwenzangu. Ukuta huu naujua, jua lake ni kali."

Mchungaji akauliza ni nani sasa ataongoza darasa. Nyevu akajibu kutoka nje, "Ni huyu huyu. Jana alijua kuuliza tu. Leo amejua kujibu."

Hakuna mzee aliyepinga tena.

Siku hizi tuna kanisa la mawe na vikombe vya kioo, lakini ni nani anayetuuliza hali ya roho? Mama yangu, mjukuu wa Nyevu, alituuliza kila Jumapili. Tulimzika mwezi uliopita, na swali lake bado nalisikia.

Ee Mwenyezi Mungu, uwarehemu Mbeyu na Nyevu, na mama yangu pamoja nao. Uwaketishe ndani, katika karamu yako. Amina.