Nondo Ambazo Hazikuchomoka

Wapendwa, leo sitapiga kelele. Nataka tufikiri pamoja.

Kulikuwa na msimamizi mmoja wa ujenzi wa barabara mlimani. Juu ya barabara hiyo kulikuwa na bapa la mwamba, kubwa kuliko kanisa hili, na nyuma yake ufa uliojificha. Mhandisi alipima, akasema, "Mvua zikija jiwe hili litateleza. Toboeni mpite ufa, mwingie kwenye mlima wenyewe, ndipo mfunge nondo kwa saruji." Chini ya jiwe hilo mama mmoja mjane alikuwa na kibanda cha chai, na humo humo ndimo alimolala.

Mafundi wakatoboa. Mita ya kwanza, vumbi jeupe. Ya nne, vumbi jeupe. Ya sita, likaanza kutoka tope. Mnajua maana yake? Ndio ufa wenyewe wameufikia! Lakini tope linakaba mashine, linawarukia watu usoni, kazi inakwenda kwa taabu.

"Bosi, bado," fundi akasema. "Tuendelee mpaka vumbi kavu lirudi, ndipo tutakuwa tumeupita ufa."

"Acha hapo hapo. Tia nondo."

Msimdhanie vibaya, hakuwa mwizi. Saruji ilipokauka alileta jeki ya kuvutia, akazivuta nondo zote, moja moja. Hakuna iliyotikisika. Akashuka kwa yule mama huku akifuta jasho.

"Mama, pika chai yako bila wasiwasi. Jiwe tumelifunga."

"Mungu akubariki, baba. Karibu kikombe."

Masika ikaja. Siku ya tatu ya mvua, asubuhi, bapa zima likashuka. Mama yule hakutoka. Inaniuma kulisema, hata kama ni mfano tu.

Msimamizi alilia. "Nilizijaribu zote! Nondo zimenisaliti!"

Mhandisi akampeleka kwenye kifusi. "Hebu vuta hii. Vuta na ile." Hakuna iliyochomoka.

"Nondo zako ni nzima," mhandisi akasema. "Zimeshika sawasawa. Zimeshika jiwe lililoanguka."

Sasa sisi. Maisha yakianza kuteleza, tunajifunga wapi? Kwa rafiki anayetuambia hatuna kosa, naye anateleza pamoja nasi? Tunatubu vizuri, vumbi jeupe tupu, mpaka litoke tope: jina la ndugu tuliyemnyang'anya shamba, mtoto tuliyemkana. Hapo tunasema inatosha, tunafunga, tunaimba kwa sauti. Na tukijipima tunajiona imara! Kwa nini tusijione imara, wakati hatujavutwa na kitu chochote isipokuwa mikono yetu wenyewe?

Na wengine wenu, niseme ukweli, mmejifunga kwangu. Mchungaji kasema, mchungaji hapendi. Mnanishika kwa nguvu, nami nafurahi, Mungu anisamehe. Lakini wapendwa, mimi niko upande huu huu wa ufa. Nipiteni. Mtoboe mpaka mfike kwake yeye asiyeteleza, kwa sababu mkiishia kwangu, siku nikishuka tutashuka wote.