Mikorosho ya Digidigi kwa Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walioana kwa desturi zao. Kwa akina Swala, mume alitoa chumvi. Kwa akina Kiboko, mke ndiye aliyekuja na vyungu na mikeka. Kwa akina Nyati, mchumba alimlimia baba mkwe msimu mzima.

Desturi nzuri, ila Mzee Nyati alikuwa na tamaa huyo! Ngiri alilima, mahindi yakajaa ghalani, akaambiwa, "Pua ndefu, nenda zako!" Kifaru akalima, akaambiwa ananuka. Mahindi yakabaki kwa Nyati, na binti yake Siwema akabaki nyumbani analia. Maskini, alimpenda Digidigi, yule mdogo wa miguu kama njiti.

Siku moja Digidigi akabisha. "Hodi! Baba, nimekuja kumposa Siwema."

"Ha! ha! ha! Wewe? Jembe si litakuangusha?"

"Nitachimba kwa kwato, baba. Ila mbegu nichague mwenyewe."

"Panda hata kokoto!"

"Mzee Kifaru, umesikia?"

"Nimesikia vizuri sana," akajibu Kifaru, aliyekuwa akipita njiani.

Nyati akaenda kulala kwenye tope. Shambani hakukanyaga hata siku moja. Digidigi naye, chaku! chaku! kishimo hapa, kishimo pale, Siwema akimletea maji. Msimu ukaisha.

"Mahindi yangu yako wapi?" Nyati akanguruma.

"Hakuna mahindi, baba. Nimepanda mikorosho."

"Mikorosho! Itazaa lini? Toka! Binti sikupi!"

"Sawa, naondoka. Lakini ardhi ni yako, miti ni yangu. Mbuga nzima inajua, mti ni wa aliyeupanda. Kila mwaka nitakuja kuokota korosho zangu, mimi na ukoo wangu wote, hapa hapa mlangoni pako."

"Nitaing'oa!"

"Thubutu!" akasema Kifaru, akinoa pembe yake kwenye jiwe. "Shahidi ni mimi."

Nyati akatazama shamba. Miche kila mahali, hata bua moja la mahindi halina pa kusimama. Akaketi chini, puu!

"Na nikikupa Siwema?"

"Hapo miti inakuwa ya wajukuu zako, baba. Nawe utatafuna korosho mpaka uchoke."

Siwema akapiga vigelegele kabla baba yake hajafungua mdomo.

Basi wakaoana. Kifaru alikula pilau mpaka akasahau kwamba aliwahi kuambiwa ananuka, na Nyati akazeeka kivulini, anatafuna korosho, kanenepa, hana neno.

Nanyi watoto mkumbuke: ukizoea kula jasho la wenzako, iko siku atakuja mmoja apande kitu usichoweza kung'oa.