Upepo wa Jua Alivyozungushwa Uani

Nikisema "Jua!", nyinyi semeni "Limetuunguza!"

Jua!

— Limetuunguza!

Basi tulieni, nawe wa pale nyuma acha kutafuna.

Hapo kale Jua alikuwa na mtoto mlafi, jina lake Upepo wa Jua. Si huu upepo wetu wa kukaushia nguo, la. Huyu ni wa moto, hutoka kwa mama yake mbio, tumbo mbele. Alikwisha kunywa maji ya Mirihi, sayari jirani yetu, akabakiza vumbi, wala hakusema asante. Sasa akayataka maji ya Dunia na hewa yake yote.

Lakini Dunia imejitanda wavu wa sumaku usioonekana. Upepo akaja, puu! Akateleza. Akaja tena, puu! Akateleza. Siku moja akajigeuza, akaupiga akiwa ameelekea kusini. Kumbe ukipigwa hivyo ndipo fundo lake hufunguka; wavu ukaachia, kwaa! Dunia nzima ikatetemeka.

Chini ardhini aliishi Mama Fuko. Macho hana, njia ya nyumbani huijua kwa mvuto wa wavu ule. Watoto wake walikuwa wamekwenda kuchimba mizizi. Wavu ulipoyumba, wakapotea. "Mamaa! Nyumbani wapi?" Fuko akaumia sana, kisha akapandwa na hasira. Akachomoza pua nje.

"Nani anaingia bila hodi?"

"Mimi! Nina njaa, we kipofu. Lete chakula!"

"Baba, mbona umesimama mlangoni kama muuza karanga? Masufuria yako uani, upande wa usiku. Zunguka."

Mgeni mwenye adabu akiambiwa apite uani, hung'ang'ania mkeka wa barazani mpaka avutwe mkono. Upepo? Vuuu! Akazunguka, akajisokomeza kwenye mkia wa wavu unaoburutwa nyuma ya Dunia.

"Sioni sufuria!"

"Liko mwisho. Jongea, baba."

Akajongea. Mkia ukavutika, nyiii.

"Bado silioni!"

"Jongea, usione haya, hapa kwenu."

Akajongea. Mkia ukavutika, nyiiiii.

"Sasa nasikia harufu ya pilau!"

Fuko alikuwa hajachemsha hata maji. "Jongea na tumbo, baba."

Akaingiza tumbo. Mkia ukavutika kama mpira wa manati, halafu taa! Ukakatika, ukamfyatua Upepo, kichwa Kaskazini, makalio Kusini, akaangukia penye barafu huku na huku. Angani akawaka kwa hasira, kijani, nyekundu, zambarau.

Wavu ukatulia. Watoto wa Fuko wakaipata njia, wakarudi. Mama akawanusa wote, akalia kwa furaha, kisha akawagombeza kwa kuchafua sakafu.

Mpaka leo watu wa barafuni hutoka na makoti yao, wakatazama juu, wakasema, "Lo, uzuri gani huu!" Wa Kusini hawajui wanatazama nini, nami sitawaambia.

Funzo lake ni hili, watoto: mgeni amtii mwenyeji wake. Upepo alitii kila neno, na tazameni alivyojaliwa kung'aa.

Ngano imefia hapo. Izikeni, mkalale.