Kivia Mzibua Maji na Moshi wa Nasemba

Wekeni majembe chini, enyi watu wa Ishinde, mkae hapa ukingoni mwa ndiva hii, bwawa letu la kumwagilia, ambayo kila mwaka mnaizoa tope bila kujiuliza nani aliijenga. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka uishe, kisha usikilize.

Zamani zile za mababu wa mababu zetu, kabla kilima hiki hakijaitwa Ishinde, alizaliwa Kivia, mwana wa Mrindoko, mwana wa Mshote aliyetoka mawio ya jua na jembe moja na mbuzi jike. Mama yake ni Nakijwa, aliyemzaa akiwa shambani, akamfunga mgongoni, akamalizia tuta lake. Huyo ndiye Kivia Mzibua Maji, Kivia Jicho la Mwewe, Kivia Mgongo wa Mwamba. Na tumbo lile lile lilimzaa dada yake, Nasemba, wakapendana mno hata watu wakasema Kivia hamezi tonge kabla Nasemba hajalionja.

Bondeni pale walikaa watu wa Ngalanga na mtemi wao, Kihedu. Walikuwa na wahunzi hodari, na kila mavuno yetu yalipoiva walipanda na mikuki mipya, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe, wakachukua watoto. Babu zetu walikuwa na fimbo na mawe ya kurusha. Walikuwa wanakwisha, ndugu zangu, sina neno jingine la kuwapa.

Ndipo Kivia akaenda mtoni akabeba mawe ambayo wanaume wa ukoo mzima walishindwa kuyatikisa, akayapanga, akayaziba kwa udongo wa mfinyanzi, maji ya chemchemi yakajaa ndani yakawa bwawa hili. Mnadhani aliijenga ndiva kwa ajili ya migomba? Thubutu! Aliijenga iwe silaha. Akachimba mfereji mteremkoni kuelekea mahali alipopataka yeye, akatia kizibo cha gogo ambalo yeye peke yake aliweza kuling'oa, kisha akasimama mbele ya watu akatamka:

“Maji yakishatoka hayarudi ukiyaita. Kwa hiyo sitazibua mpaka nijue mambo matatu: kitu gani kiko kule chini, nani yuko karibu nacho, na maji yakishakipiga yataishia wapi. Sina vita na Ngalanga nzima. Mfinyanzi wa vyungu na mfua mikuki si mtu mmoja. Nina vita na kiwanda kinachowapa mikuki.”

Mzee Kajiru, mkubwa wa wazee, hakupendezwa. Alitaka mifereji ichimbwe kila upande, Ngalanga yote ifagiliwe siku moja tumalizane. Kivia akamwacha aseme mpaka akachoka.

Macho ya Kivia yalikuwa Nasemba. Hata wakati wa vita wanawake walishuka sokoni na ndizi wakapanda na chumvi, maana chumvi haina adui. Nasemba alikaa na vikapu vyake karibu na kiwanda cha wahunzi, akatazama nani anaingia na nani anatoka. Aliporudi, kaka yake alimwuliza swali lile lile kila mara: “Umeona au umeambiwa?” Akisema ameambiwa, alirudi bondeni akaone mwenyewe. Ndivyo walivyojua kwamba siku ya soko wahunzi huzima moto wakaenda kunywa, na siku hiyo Kivia akang'oa gogo. Maji yakashuka yakachukua kiwanda, mivukuto na mikuki yote, yakaishia kwenye matete. Akafa mhunzi mmoja mzee aliyekuwa amelala ndani. Kivia akapeleka fahali kwa watoto wa marehemu, na mwaka ule hakula nyama. Kajiru alicheka sana.

Kivia akarudisha gogo, bwawa likajaa tena, tukavuna kwa amani. Lakini Kihedu hakuwa mjinga, jamani. Aliisoma sheria ya Kivia kuliko sisi tulivyoisoma.

Siku moja Nasemba alipanda kutoka sokoni, akashusha kikapu, akakaa. Akasema, “Kaka, wamejenga upya pale pale. Wamekiegemeza kiwanda kwenye nyumba ya wanawake waliojifungua. Ukuta mmoja tu. Huku mivukuto, huku watoto wachanga.”

“Umeona au umeambiwa?”

“Nimeona. Nimempakata mmoja.”

Kivia hakuzibua. Mavuno yalipofika Ngalanga wakapanda, wakatuua tena kama zamani, na mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe wakamwua mwanawe wa kwanza, aliyeitwa Mrindoko kwa jina la babu yake. Walipokwisha kuzika, Kajiru alisimama juu ya udongo mbichi wa makaburi akasema, “Kivia, sheria yako inawalinda watoto wao. Wetu nani anawalinda?”

Na Kivia hakuwa na jibu. Wasimulizi wengine humtilia maneno matamu kinywani hapo. Waongo! Alitazama chini.

Ni Nasemba aliyesema. “Nitashuka niwatoe wale kina mama. Nikishawatoa nitawasha majani mabichi, moshi upande mweupe. Ukiuona moshi wangu, zibua. Usipouona, usizibue.” Kivia akamshika mkono mbele ya watu wote akaapa: “Bila moshi wako, maji haya hayatoki.” Akashuka dada wa watu na kikapu chake cha ndizi, kama anayekwenda soko.

Kivia akaketi kwenye kizibo, macho bondeni. Moshi haukuja. Kulipopambazuka, kabla ya msimu wao, jeshi la Kihedu likaonekana linapanda kwa njia ya mgongo wa kilima, mikuki ikimeta. Nyumba za chini zikashika moto. Watoto wetu wakalia hadi huku juu. Kajiru akapiga magoti, mzee mzima, akamshika Kivia miguu: “Baba, tunakufa, zibua!” Kivia akatafuta moshi mweupe. Moshi mweusi wa makuti ulikuwa umetanda kila mahali, lakini mweupe haukuwapo, naye alijua haukuwapo. Msije mkasema alikosea moshi. Hakukosea.

Aling'oa gogo.

Ndivyo tulivyookoka. Wale waliokuwa wakipanda walisikia ngurumo nyuma yao, wakageuka, wakaona maji yanaingia makwao. Wakatupa mikuki, wakakimbia kuteremka kwenda kwa watoto wao. Huo ndio ushindi mnaoupigia ngoma.

Kivia naye alishuka, akipishana na watu waliokuwa wakipiga vigelegele. Akafika mahali pa kiwanda. Chini ya tope hakukuta mkuki hata mmoja. Wahunzi walizima moto tangu jana yake, kazi yao ilikwisha, mikuki ilikuwa tayari mikononi mwa wale waliopanda. Mfereji wake ulielekea kwenye kiwanda kitupu.

Upande wa nyumba ya kina mama hapakuwa na ukuta tena. Mwanamke mmoja alikuwa amenasa kwenye matawi, hana mtoto tena. Ndiye aliyemweleza.

“Alitusihi tutoke. Tukakataa. Kwetu aliyejifungua haoni jua mpaka mwezi mwingine uandame, mtoto asije akafa. Alilia, alitubembeleza, akachoka. Akasema, basi nakaa nanyi. Akampokea mwanangu akawa anamwimbia. Tuliposikia mngurumo tukaogopa, naye akatuambia, ‘Tulieni, ni radi. Kaka yangu hazibui bila moshi wangu.’”

Kivia alifukua tope kwa mikono mpaka jua likachwa, akafukua tena kulipokucha. Kajiru akaja na ngoma na ngozi ya chui kumtawaza mtemi wa nchi yote, ya juu na ya bondeni. Kivia akasimama, tope hadi kifuani, akatamka tamko lake la mwisho:

“Nilijua kuna nini kule chini. Nilijua yuko nani. Nilijua maji yataishia wapi. Nikazibua.”

Akayafuata maji yalikopita, akaingia kwenye matete, hakuonekana tena. Wapo wasemao aligeuka mwamba. Mimi nasema alizama, na alitaka kuzama. Gogo lake halikuweza kurudishwa na mtu. Hiki mnachokiona ni kizibo kidogo tulichojichongea wenyewe.

Waliobaki wa Ngalanga walihama. Bonde tukalichukua sisi, na magimbi yanastawi pale kuliko mahali popote, mnajua wenyewe. Tukaitwa watu wa Ishinde. Ndiva ikawa ya kumwagilia, na sheria ya Kivia tunaikariri watoto kwa wazee. Hata hivyo tumepigana vita nyingine tangu hapo, na mara zote tulikuwa na Kajiru wetu wa kupiga magoti.

Haya, inukeni, tope limekwisha, maharage yanakauka. Mzibua maji wetu asogee kwenye kizibo, aite kama walivyoita waliomtangulia: “Nasemba, toka!” Kisha tunyamaze wote, tutazame bondeni.

Moshi hakuna. Zibua.