Keki ya Saumu na Koki za Jirani

"Ukiona kwako kunapoa, kuna aliyefunga." Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, nanyi mkatazamana. Mmoja wenu akauliza, "Amefunga nini, Bibi? Kiyoyozi?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu, maana yuko aliyekosea hivyohivyo kabla yenu. Basi kaeni. Chimbuko la methali hii ni harusi ya mama yenu, hapahapa Tanga, nami nilikuwapo.

Wakati huo pale Ngamiani palikuwa na jengo jipya, lenye ujia mrefu katikati na fremu za maduka pande zote mbili. Mwenye jengo hakutaka kila mpangaji atundike kiyoyozi chake nje, ukuta ujae masanduku yanayodondosha maji. Aliweka juu ya paa mashine mbili za kupoza maji. Maji hayo yalishuka kwa bomba moja la wote na kupita kila fremu. Mpangaji akitaka ubaridi, fundi alimuungia bomba lake kwenye lile kubwa, akamfungia kisanduku chenye feni, akamwekea na koki yake ukutani. Maji yalichukua joto la dukani na kurudi juu yakapozwe tena. Hayanywewi, hayaogwi, ni kuzunguka tu.

Saumu binti Mbaruku alikodi fremu ya mwisho kabisa, ambako maji hufika yamekwisha kuchoka. Lakini binti yule alikuwa na mkono wa keki, jamani! Mpaka wakati huo alikuwa akioka keki ndogo za watoto. Mimi ndiye niliyempa kazi ya keki yake ya kwanza ya harusi, na mawifi zangu wakanisema: utawaachaje wazoefu, harusi umpe anayejifunza? Maneno hayo yalimfikia. Alijua keki ile ikisimama, mji mzima utamwita. Ikianguka, atafunga duka na kurudi kukaanga maandazi barazani kwa mama yake.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, na jua la Tanga la mwezi wa pili mnalijua. Keki ilikwisha kupandishwa, imepakwa krimu nyeupe, Saumu anapanga maua ya sukari. Mara ubaridi ukakata. Ua la kwanza likateleza likaacha mchirizi, na la pili likalifuata. Akamwita Mhando, fundi wa mabomba ya jengo. Mhando akapanda juu ya paa, akarudi anatikisa kichwa.

"Mashine moja imekufa, dada. Iliyobaki haiwatoshi wote. Ubaridi unaishia fremu za mbele."

"Na spea?"

"Mpaka itoke Dar."

Saumu akakaa juu ya ndoo ya unga akalia kama aliyefiwa. Mhando akatoka.

Baada ya muda feni ikaanza kupuliza tena, na safari hii baridi kuliko siku zote. Mhando akachungulia mlangoni. "Vipi, kunapoa?"

"Kunapoa, kaka yangu! Mmefanyaje?"

"Jamaa wamefunga," akajibu, na mtu akamwita huko nje, akaenda zake.

Sasa lisikilizeni neno hilo. Kwa Kiswahili chetu, kufunga ni kufunga mlango, na kufunga ni kutundika kiyoyozi, na kufunga ni kushinda na njaa hadi magharibi. Saumu alisikia lile alilokuwa akiliomba: mafundi wamefunga mashine mpya. Akamshukuru Mungu, akafuta krimu iliyochuruzika, akaanza maua yake upya huku akiimba.

Nilifika alasiri kuchukua keki, nimeongozana na vijana wa kuibeba. Mle ujiani mlikuwa moto, watu wanajipepea kwa vipande vya maboksi. Kwa Mzee Shekiondo, mshona suti, mteja mmoja alikuwa ameingiza mkono mmoja katika koti. Akautoa, akasema atarudi siku nyingine. Jumamosi ya harusi, na mshona suti anapoteza mteja! Lakini kuingia kwa Saumu, mwili ukanisisimka kwa baridi.

"We Saumu," nikamwambia, "kwako Lushoto, kwa wenzio jehanamu. Kulikoni?"

Saumu akashangaa. "Jehanamu? Si wamefunga mashine mpya, mama?"

Akatoka mbio, nami nyuma yake. Akamkuta Mzee Shekiondo amebaki na fulana, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mzee. Mbona hupoi? Hawajakufungia?"

"Marahaba. Nimefunga mwenyewe."

"Umefunga, na joto lote hili?"

Mzee akanyoosha kidole ukutani. "Nimefunga koki, mwanangu. Maji yasiingie kwangu, yapite yaje kwako."

Saumu akaitazama ile koki. Kisha akatazama fremu ya pili yake, kwa muuza simu, na ya tatu, kwa msusi aliyekuwa akipangusa jasho la mteja wake kwa kanga. Akatembea hadi mwanzo wa ujia. Koki zote zilikuwa zimefungwa.

"Nani aliwaambia?" akauliza kwa sauti.

"Mhando alituambia unalia," Mzee Shekiondo akamjibu kutoka mlangoni pake. "Tungejadili nini hapo? Koti haliyeyuki."

Saumu akarudi kwa Mzee Shekiondo akiwa analia, akanyoosha mkono aifungue koki. Mzee akaushika mkono wake. "Acha. Keki haijatoka mlangoni."

Tukaibeba. Tulipita katikati ya ujia ule polepole, na kila tulipoipitisha mbele ya duka, mwenye duka alisimama, macho kwenye keki, hathubutu hata kukohoa. Nami nikawaalika wote, mmoja mmoja, waje ukumbini jioni. Na walikuja.

Keki ilisimama, wajukuu zangu. Ilisimama mpaka mama yenu alipoikata na kunilisha kipande kwa mkono wake, na mawifi zangu wakawa wa kwanza kuuliza imeokwa na nani. Mshereheshaji akamwita Saumu mbele, ukumbi ukapiga vigelegele. Akapewa kipaza sauti.

"Msinipigie vigelegele peke yangu," akasema. "Leo nilipoona kwangu kunapoa, nilidhani ni bahati yangu. Nikaimba. Kumbe wenzangu walikuwa wanaungua ili mimi niimbe, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia. Mzee Shekiondo, simama. Simameni nyote wa jengo letu, watu wawaone."

Wakasimama kwa haya, wanatazama sakafu. Mzee Shekiondo alivaa suti yake mwenyewe, na alikuwa anajifuta macho kwa tai. Saumu akawageukia watu wote ukumbini, akasema:

"Ukiona kwako kunapoa, kuna aliyefunga."