Beseni Lisilovuja

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mnajibu kama kuku wenye kideri. Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, vyombo vilipokuwa na midomo na watu wakiwa na masikio, aliishi Kidawa, binti wa ghorofani. Uwanja hakuwa nao, alikuwa na roshani tu. Shamba lake lilikuwa vyombo: debe kuukuu la saladi na figili, na chungu chenye ufa. Ndani ya chungu hicho marehemu mama yake alipanda mwasumini.

Dada yake Kidawa alikuwa karibu kuolewa, na mama alikuwa ameusia: kikuba cha harusi, kishada cha maua ya kunukia cha bibi harusi, kitoke kwenye mwasumini huo.

Kiangazi kikawaka. Kidawa akaona haya. Wakwe waje wakute chungu kinavuja sakafuni? Akauhamishia mwasumini kwenye beseni la mama, la maua mekundu, linalong'aa. Chungu akakitupa, kikawa vigae.

Kulipokucha majani yamekuwa manjano.

"Beseni, mgeni wako ana nini?"

"Ana kiu. Mimi sivuji, tone lako silipotezi."

Kidawa akamwagilia. Debe likacheka, kwe kwe kwe.

Kesho yake majani yakaanguka.

"Beseni, mgeni wako ana nini?"

"Ana joto. Mimi sivuji."

Akatundika kanga kuwa kivuli, akamwagilia tena. Debe likacheka, kwe kwe kwe.

Kulipokucha tena, Kidawa akaligeukia debe. "Wewe una kutu na matundu. Mbona saladi yako imenona?"

"Ninuse chini, kisha linuse beseni," likasema debe.

Akapiga magoti, akanusa. Debe lilinukia udongo wa mvua ya kwanza. Beseni lilinuka mtaro. Akatega sikio, akasikia mizizi: "Tunazama."

"Bibi, Kidawa si angepanda kwenye ndoo?"

"Ndoo isiyo na tundu ina tofauti gani na beseni, mjukuu wangu Shamte? Kaa chini."

Kidawa akaleta nyundo na msumari.

"Thubutu," likasema beseni. "Mama yako alinawia humu siku ya harusi yake."

Kidawa akauweka msumari kwenye kitako cha beseni. Kisha akasema, "Mama aliusia maua. Beseni hakulitaja."

Ngo! Maji meusi yakabubujika, yakateremka mpaka kwenye buibui la mama mkwe wa dada yake, aliyekuwa chini akipiga hodi.

Mama mkwe akainua uso, akaona nyundo na beseni roshani.

"Mnatoboa beseni?" akauliza mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Utuwie radhi."

"Toboeni. Langu halikutobolewa, likauua mwasumini wa bibi yangu."

Mwasumini ukachipua tena. Siku ya harusi kikuba kilikuwa kidogo, lakini kilinukia hadi barabarani. Wakwe wakala saladi ya debe wakaomba nyingine. Beseni? Linanuna hadi leo, huku linavuja.

Basi wajukuu zangu, asiyetoa hana pa kupokea. Hadithi yangu imekomea hapo, na anayesinzia akamwagilie figili zangu.